Shingo ya Shemeji

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa katika kiti cha kinyozi mjini, bila shaka unaijua desturi hii. Akiisha kukunyoa na kukupangusa nywele kwa taulo, hukukanda mabega kidogo, kisha hushika kidevu chako kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, na kabla hujatia neno amekwisha kukugeuza shingo ghafla upande wa kuume, ikalia ka! Halafu upande wa kushoto, ikalia tena. Unatoka pale umejiona mwepesi kama mtoto. Mimi nilikuwa mpenzi mkubwa wa jambo hilo. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyoliacha, na nakuonya mapema kwamba si habari ya kujisifu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa upande wa Karatu, lakini nililetwa kufundisha Kakesio ningali kijana, nikaoa huku huku, na watoto wangu wote wamezaliwa huku. Anayeijua Kakesio anajua kwamba iko pembeni ya Hifadhi ya Ngorongoro, nyuma ya Endulen, mahali ambapo gari likipita mchana huzungumzwa hadi jioni. Watu wake ni wafugaji. Maji na kuni viko mbali, na wanaovileta ni wanawake. Mama wa Kimasai hafungi mzigo wake kichwani kama mama wa Pwani. Huuweka mgongoni, akaupitisha mkanda wa ngozi mbele ya kipaji chake, akainama, akaenda. Basi uzito wote wa kuni, au wa dumu la maji la lita 20, huvutwa na shingo. Wenye punda wana nafuu, lakini si kila boma lina punda wa kutosha, na punda naye huugua.

Mwaka 1986 wataalamu walichapa habari ya uchunguzi waliofanya Kenya juu ya akina mama wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda kama hawa wetu. Wakaona ajabu: mama aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Habari hiyo ilisifiwa sana duniani. Nami naisifu, ila nakumbusha kwamba walichopima pale ni pumzi. Maumivu ya shingo hawakuyapima.

Basi kwetu shingo zinauma. Yangu pia iliuma, ingawa sikubeba kuni. Iliuma kwa kuinamia madaftari usiku na kwa kupanda pikipiki katika njia za mawe. Kila nilipokwenda mjini kufuata mshahara nilipita kwa kinyozi mmoja, akanigeuza, nikarudi nyumbani nikiimba. Mara ya nne au ya tano nilimwomba anifundishe. Akacheka, akasema hakuna cha kufundisha, ni kutazama tu, yeye mwenyewe alimtazama mwenzake. Nikatazama. Nilijaribu kwanza kwa mwalimu mwenzangu, ikalia vizuri. Nikajaribu kwa mke wangu, ikalia. Basi, habari ikaenea.

Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wakinisubiri chini ya mgunga. “Mwalimu, nivunje shingo.” Hivyo ndivyo walivyosema, “nivunje,” na hakuna aliyelishangaa neno hilo, wala mimi. Wazee, akina mama, vijana wachungaji, wote nikawageuza. Sikuchukua senti ya mtu hata mmoja. Lakini sifa niliichukua, ndugu msomaji, tena kwa mikono miwili.

Mwaka 2014, wakati wa kiangazi, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kwangu saa kumi jioni. Alikuwa mtu wa miaka 38, mwenye nguvu, asiyejua kulala ndani kwa ugonjwa. Siku tatu nyuma walikuwa wakiogesha ng’ombe kwenye josho, dume moja likakataa kuingia, naye akalivuta kwa kamba, likamtupa kichwa upande. Hakuanguka wala hakuumia mahali pa kuonekana. Lakini tangu usiku ule shingo ilimuuma upande wa kushoto, juu kabisa, karibu na kisogo. Nakumbuka maneno yake, maana nimeyarudia moyoni mara nyingi. Alisema, “Shemeji, maumivu haya siyajui. Si yale ya siku zote.”

Mtu mwenye elimu angesimama hapo. Mimi nilimwambia, “Kaa chini.” Nikamkanda, nikamshika, nikamgeuza. Upande wa kushoto ikakataa, nikaongeza nguvu. Ikalia. Akafumba macho kidogo, akacheka, akasema, “Afadhali.” Akanywa chai, akaondoka.

Haikupita saa moja, mtoto wake akaja mbio. Tulimkuta amekaa chini karibu na zizi, ameshika mti kwa mikono miwili, akisema nchi inazunguka. Alitapika, akatapika tena. Alipojaribu kusimama alianguka upande wa kushoto kama gunia. Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyepiga kelele siku nzima. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa imelegea. Kisha ikaanza kwikwi, kwikwi isiyokoma, usiku kucha. Majirani walioingia wakanuka hewa, wakatazamana. Walidhani amelewa. Mzee mmoja akasema ni malaria iliyopanda kichwani. Mwingine akataja mambo ya wivu na jicho baya. Mimi nilisimama mlangoni nikiitazama mikono yangu, nisiseme neno.

Usiku ule hapakuwa na gari. Asubuhi tulipata lori lililotoka mnadani, tukamlaza juu ya magunia, nikashika kichwa chake magotini mwangu kisitikisike njia nzima. Endulen, kwenye hospitali ya misheni, walimtazama macho na mikono, wakamwambia ameze maji, yakatokea puani. Wakasema hili ni la ubongo, wakatupeleka mbele. Ilituchukua siku mbili kufika kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha za kichwa na mishipa.

Huko daktari, mtu mpole, alituuliza mimi na mke wangu: “Je, kuna mtu aliyemgeuza shingo?”

Nilinyamaza. Nakueleza wazi ili ujue mtu anavyokuwa. Nilikuwa mwalimu, baba wa watoto, mwenye heshima kijijini, na nilinyamaza. Mke wangu ndiye aliyesema, “Kaka yao hawa wa kijijini wamemkanda,” akimaanisha watu wengine, maana yeye hakuwako nyumbani jioni ile na hakujua. Nikatoka nje. Nilizunguka ile hospitali labda mara tatu, kisha nikarudi, nikamwomba daktari tuzungumze peke yetu, nikamwambia ni mimi. Halafu nikamwambia mke wangu. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza tu, “Ulimshika ndugu yangu shingo, na mwenyewe alikwambia si maumivu ya kawaida?” Nikasema ndiyo. Kwa siku nyingi baada ya hapo alisema nami habari za chakula na watoto tu.

Daktari alichukua karatasi akanichorea, nami nitajaribu kukuchorea kwa maneno. Shingo yako ina pingili saba. Twiga naye, pamoja na urefu wake wote, ana pingili saba vile vile, ila zake ni ndefu. Damu hupanda kwenda kwenye ubongo kwa mishipa mikubwa minne. Miwili iko mbele, ndiyo ile unayosikia ikidunda ukigusa kando ya koo. Miwili mingine iko nyuma, nayo imefichwa: inapita ndani ya vitundu vilivyomo katika pingili zenyewe, kama kamba ipitavyo katika shanga. Ikifika pingili ya juu kabisa, ile inayobeba fuvu, inajikunja na kuzunguka kabla ya kuingia kichwani. Hapo juu ndipo shingo inapogeuka zaidi kuliko mahali pengine pote, na ndipo mshipa unapovutwa zaidi.

Mshipa wa damu si kama mrija wa mabua wenye ukuta mmoja. Una tabaka ndani ya tabaka. Ukivutwa ghafla, tabaka la ndani laweza kuchanika, damu ikajipenyeza kati ya tabaka na tabaka, ikavimbisha ukuta, ikaziba njia. Au damu ikaganda pale palipochanika, bonge dogo likakatika na kuchukuliwa mpaka ubongoni, likaziba tundu la mbele. Sehemu ya ubongo inayonyweshwa na mishipa ile ya nyuma ndiyo inayosimamia kumeza, sauti, mizani ya mwili, macho na uso. Ikikosa damu, inakufa kidogo kidogo. Hicho ni kiharusi, sawa na kile tunachokijua kwa wazee wenye presha, ila hiki huwapata hata vijana.

Basi nikamwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu Kakesio: “Daktari, ni mimi?”

Alifikiri. Akasema, “Sijui. Huenda mshipa ulichanika siku ile ya dume, na maumivu aliyokuletea ndiyo yaliyokuwa dalili yake. Huenda uliumaliza wewe. Huenda angepata kiharusi hata kama ungemkanda mafuta tu. Ninachojua ni kwamba shingo ile haikuwa ya kugeuzwa.”

Msomaji, jibu hilo si jepesi kulala nalo. Angesema ni mimi, ningelia nikaisha. Angesema si mimi, ningerudi chini ya mgunga. Baadaye, mtandao ulipofika huku kwetu, nilianza kusoma, nikaona kwamba swali langu ndilo wanalobishania wakubwa wa dunia.

Kazi ya kunyoosha pingili kwa mikono ni ya kale, na Afrika nasi tuna waunga mifupa wetu hodari. Lakini huko Marekani ilifanywa kuwa taaluma yenye vyuo na vyeti, ikaitwa kairopraktiki, jina lililotokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kutenda kwa mkono. Aliyeianzisha aliitwa D. D. Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Mtu wa kwanza kunyooshwa naye, tarehe 18 Septemba 1895, alikuwa mtu mweusi, Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo lile, aliyekuwa hasikii vizuri kwa miaka 17. Palmer alisema aliisukuma pingili moja ya mgongo na masikio yakafunguka. Akaendelea mpaka kudai kwamba katika magonjwa mia, 95 yanatokana na pingili zilizotoka mahali pake. Mimi si daktari, lakini najua hata kwa vitabu vya shule kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia uko ndani ya fuvu, haushuki shingoni wala mgongoni. Madaktari walimpinga tangu siku ile. Wanafunzi wake wa leo wengi wameyaacha madai hayo makubwa, nao wanashughulika na mgongo na shingo zinazouma.

Na tusiwaonee. Kugeuzwa huko kunasaidia watu wengine. Mwaka 2012 lilitolewa jibu la uchunguzi wa watu 272 wenye maumivu ya shingo huko Minnesota, Marekani. Wengine walinyooshwa na wataalamu, wengine walipewa dawa, wengine walifundishwa tu mazoezi ya kufanya nyumbani. Walionyooshwa walipata nafuu kuliko waliomeza dawa. Lakini sikiliza hili: waliofundishwa mazoezi ya nyumbani, katika masomo mawili tu, walipata nafuu karibu sawa na walionyooshwa. Kugeuza shingo yako mwenyewe taratibu, kurudisha kidevu nyuma, kuvuta mabega, bila mtu kukushika. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Na ile sauti ka! tunayoipenda? Wengi tunadhani ni mfupa unarudi mahali pake. Sivyo. Kati ya mifupa kuna majimaji ya kulainisha, na viungo vikivutwa mbali ghafla hutokea uwazi wa hewa ndani ya majimaji yale. Mwaka 2015 wataalamu wa Canada walipiga picha vidole vikialika, wakauona uwazi huo ukitokea palepale. Wao wakasema sauti ni hiyo. Haisemi kama umepona wala kama umeumia.

Wako pia waliotaka kujua kama kugeuza shingo kunagusa ubongo kwa njia njema. Misuli midogo ya shingo imejaa vipokezi vinavyouambia ubongo kichwa kiko wapi, ndiyo maana unaweza kufumba macho ukajua umetazama kulia au kushoto. Mwaka 2007 wachunguzi wa New Zealand waliwanyoosha shingo watu 12, wakapima umeme mdogo unaotokea ubongoni mshipa wa mkono unapochokozwa. Wakaona mawimbi yale yamebadilika, na mabadiliko yakadumu kama dakika 20. Basi ubongo unajua kwamba shingo imeguswa, hilo ni kweli. Wako wanaotangaza habari kama hizo kana kwamba ni dawa ya akili na usahaulifu. Watu 12 na dakika 20 haviwezi kubeba mzigo huo. Labda wepesi ule niliousikia katika kiti cha kinyozi ulikuwa wa namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mwaka 2008 ilichapwa habari ya jimbo la Ontario, Canada, ambako walikusanya viharusi 818 vya mishipa ile ya nyuma katika miaka tisa. Wakatazama wagonjwa hao walikwenda kwa nani kabla ya kuugua. Wakaona kwamba vijana kati yao walikuwa wamekwenda kwa mnyoosha shingo zaidi ya watu wengine. Lakini wakaona pia kwamba wagonjwa walikuwa wamekwenda kwa daktari wa kawaida zaidi ya watu wengine, na daktari hakuwageuza shingo. Wakahitimu, labda mtu mwenye mshipa uliokwisha kuchanika anaumwa shingo na kichwa, ndiyo sababu anatafuta msaada, kwa huyu au kwa yule. Wengine hawakukubali. Mwaka 2014, mwaka ule ule wa shemeji yangu, chama cha moyo cha Marekani kilitoa tamko: uhusiano upo, ushahidi kwamba kugeuza ndiko kunakosababisha hautoshi, lakini mgonjwa aambiwe hatari hiyo kabla hajashikwa. Na wote wanakubali kwamba jambo hili hutokea kwa nadra. Wanaogeuzwa ni wengi sana, wanaopatwa ni wachache.

Nimeyasoma hayo yote nikitafuta kuachiliwa, nikaona hayaniachilii. Kama mshipa ulikwisha kuchanika kwenye josho, basi shemeji alinijia akiwa ameshika dalili mkononi, akanipa kwa maneno yake mwenyewe, nami nikamwambia akae chini. Ukisema dume ndilo lililoumiza, bado mimi ndiye niliyemchelewesha. Pamoja na hayo, nadra ya wataalamu ni ya wataalamu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka 2005 kwamba anayesomea kazi hii tangu mwanzo apate masomo ya saa zisizopungua 4,200, na katika hizo 1,000 ziwe za kushika wagonjwa chini ya msimamizi. Mimi nilisoma katika kiti cha kinyozi, tena nikiwa nimefunikwa kitambaa cha kunyolea.

Mwongozo ule unataja pia watu wasiopaswa kugeuzwa kamwe, nao wako wengi katika vijiji vyetu. Mwenye kifua kikuu cha mifupa, kwa mfano. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, hula hata pingili za uti wa mgongo, na kile cha ng’ombe humwingia mtu kwa maziwa mabichi. Pingili iliyoliwa ikigeuzwa kwa nguvu, mtu anaweza kupooza. Vile vile bibi mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi, au mtu ambaye viungo vyake vimeharibiwa na baridi yabisi. Na mtoto mwenye homa ambaye shingo imekakamaa asikandwe wala asigeuzwe na mtu yeyote, apelekwe hospitali saa ile ile, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo, nayo haingoji kesho. Nilipoyasoma haya nilianza kuwahesabu watu niliowageuza chini ya mgunga. Bibi mmoja alikuwa na kikohozi cha miezi. Mungu alinihurumia kwa wengi.

Basi ukipatwa na maumivu ya ghafla upande mmoja wa shingo au kisogoni, namna usiyoijua, hasa baada ya kuvutwa, kuanguka au hata kutapika sana, usimwendee mwenye mikono hodari. Nenda hospitali, ukaseme maneno yale yale ya shemeji: si yale ya siku zote. Na likitokea kizunguzungu cha kukuangusha, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, maji kukataa kumezwa, kope kulegea, uso kufa ganzi upande mmoja, au kuyumba kama mlevi bila pombe, hapo usingoje asubuhi kama kuna njia yoyote ya kuondoka usiku. Asikudanganye mtu kwamba ni pombe au ni jicho baya.

Shemeji alikaa hospitali wiki tano. Wiki tatu alilishwa kwa mrija wa puani. Walimpa dawa ya kuzuia damu isigande, na dada mmoja wa mazoezi akamfundisha kutembea upya, akishika ukuta. Aliporudi Kakesio mama mkwe wangu alikuwa amekaa nje ya boma. Kwa heshima zetu mimi na yeye hatuzungumzi sana, wala hatukaribiani. Alimtazama mwanawe akishuka kwa fimbo, kisha akanitazama mimi. Hakuniuliza kitu chochote. Mpaka leo hajauliza.

Leo shemeji anatembea, anachunga mbuzi, ng’ombe wamewashinda nguvu zake. Sauti ilirudi, si yote. Jambo moja halikurudi: upande wa kushoto wa uso, na upande wa kulia wa mwili tangu bega hadi unyayo, hausikii moto wala baridi. Daktari alikuwa amenionya kwamba nyaya za ubongo hupishana namna hiyo. Mwaka juzi alishika sufuria jikoni kwa mkono wa kulia, akaendelea kuzungumza, mpaka mke wake aliponusa ngozi ikiungua.

Upande wa Endulen kuna mahali panapoitwa Laetoli, ambapo mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili katika majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari zake. Zamani niliwaambia watazame miguu. Siku hizi nawaambia pia wafikirie kichwa, jinsi kilivyobebwa juu ya kijiti chembamba kiasi kile, siku zote hizo.

Jumapili watu bado hunijia wakati mwingine, hasa wageni wasiojua. “Mwalimu, tumesikia unavunja shingo.” Nawaambia nimeacha. Akina mama nawaonyesha yale mazoezi, wanacheka, lakini wengine wanayafanya. Nimewasemea pia kwa waume zao juu ya punda na mkanda, nao hunisikiliza kwa adabu kisha wakabadili mazungumzo kuwa mvua.

Shemeji naye huja jioni, saa ile ile ya kumi. Hukaa kwenye kigoda kile kile, akageuza mgongo, akasema, “Nikande mabega, shemeji, lakini huko juu usifike.” Namkanda kwa mafuta, polepole, huku na huku. Upande wa kulia namwuliza kama mikono yangu ni ya baridi, naye hunijibu kwamba hajui.